Gitaa lisilokaa tyuni: kisa cha daraja la tremolo lililobebeshwa nyuzi nzito

Gitaa lenyewe ni la umbo la Stratocaster, lina daraja la tremolo, lile linaloinamishwa kwa mkono wa chuma ili sauti itikisike, la skrubu 6 na springi 3 mgongoni. Mwenye nalo anapiga solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, na Jumapili asubuhi analibeba kwenda kanisani. Alipolileta maelezo yake yalikuwa mafupi: "Fundi, hili gitaa halikai. Natyuni, napiga wimbo mmoja, limeshatoka." Dawa alikuwa ameshaipanga. Alitaka nimfungie funguo mpya za kukazia nyuzi, zile za bei zenye kufuli, maana mpigaji mwenzake alimhakikishia kwamba funguo zake zimechoka.

Nikamwambia, "Kaka, usinunue kitu kwanza. Niachie nilipime." Funguo huharibika, ni kweli, lakini kwenye gitaa lenye tremolo ndizo za mwisho kushukiwa. Nimeona magitaa mengi yamefungwa funguo mpya na bado hayakai, kisha mwenye gitaa anakata tamaa, anang'oa mkono wa tremolo na kuutupa kwenye begi. Inaniuma kila ninapoona hivyo, kwa sababu chombo kinakuwa kizima na kinachokosekana ni mpangilio tu. Kisa hiki nakieleza kwa urefu ili anayepiga aweze kufuata njia hiyohiyo nyumbani akiwa na bisibisi, alenki ndogo (ufunguo wa pembe sita) na tyuna (kifaa cha kupimia noti).

Kinachotokea ndani ya daraja

Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni ya magitaa ya Fender, na wenzake walipoitoa Stratocaster mwaka 1954 huko Fullerton, California, daraja lake lilikuwa jambo jipya. Tremolo iliyokuwa inajulikana kabla yake, ya Paul Bigsby, inazungusha ncha za nyuzi kwa nyuma na kuziburuza juu ya daraja. Kwenye Stratocaster daraja zima linainama pamoja na vikalio 6 vinavyobeba nyuzi. Bamba la chuma limeshikwa upande wa mbele na skrubu 6. Chini ya bamba kuna kipande kizito cha chuma kinachopenya bodi hadi mgongoni, na huko springi zinakivuta kuelekea upande wa shingo. Ncha za pili za springi zimeshikwa na bati lenye kulabu, na bati hilo limefungwa kwenye mbao kwa skrubu 2 ndefu.

Kwa hiyo nyuzi zinavuta juu, springi zinavuta chini, na bamba linatulia pale nguvu mbili zinapolingana. Ni mizani. Ukiongeza uzito upande mmoja, lazima upande wa pili ujibu.

Na nguvu zenyewe si ndogo. Kwenye gitaa la urefu huu, milimita 648 kutoka kidaraja cha kichwani (kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji 6) hadi kwenye vikalio, seti ya nyuzi ya 9, yaani inayoanzia inchi 0.009 hadi 0.042, inavuta kwa jumla karibu kilo 38 ikiwa imetyuniwa kawaida. Seti ya 10, ya 0.010 hadi 0.046, inavuta karibu kilo 47.

Hizo kilo 8 au 9 za tofauti ndizo zilizoanzisha kisa hiki. Nilimuuliza gitaa lilianza lini kusumbua, akafikiri, akasema ni tangu alipokosa seti ya 9 dukani akachukua ya 10. Alibadilisha nyuzi na springi akaziacha zilivyo. Nyuzi mpya zikazishinda springi, bamba likalala mbele, mkia wake ukapanda. Vikalio navyo vikapanda, nyuzi zikawa juu mno na vidole vikaanza kuuma. Akachukua alenki akashusha vikalio kimoja kimoja mpaka nyuzi zikarudi chini. Hapo vichwa vya skrubu ndogo za vikalio vikachomoza na kuanza kumchoma kiganja. Na kwa kuwa daraja lilikuwa limesogea mbele, urefu wa kila uzi ulikuwa umebadilika: uzi mtupu (usiobonyezwa) uko sawa, ukibonyeza freti ya 12, kile chuma cha 12 shingoni, sauti iko juu. Akawa anatyuni nyuzi tupu, kisha anatyuni tena kwa kusikiliza kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) anazozipenda, na hizo mbili hazikukubaliana kamwe.

Kila hatua aliyochukua ilikuwa na mantiki yake. Shida ni kwamba zote zilikuwa zinatibu matokeo ya hatua iliyotangulia.

Nilipima mkia wa bamba ukiwa na nyuzi zilizotyuniwa: ulikuwa umeinuka karibu milimita 6 kutoka kwenye bodi. Kipimo kinachopendekezwa na kampuni ya Fender kwa daraja linaloelea, yaani lisilogusa bodi, ni kama milimita 3.2.

Limepanda au limeshuka?

Kabla sijagusa skrubu yoyote nilitaka kujua gitaa linatoka upande gani. Wapigaji wengi husema tu "limetoka" bila kuangalia kama uzi umepanda au umeshuka, na hapo ndipo habari yote ilipo.

Fikiria uzi unaopita kwenye mfereji wa kidaraja cha kichwani. Ukibonyeza mkono wa tremolo, uzi wote unalegea. Kile kipande kifupi kati ya mfereji na ufunguo kinajikunja kidogo na kuvuta uzi upande wake. Ukiachia mkono, uzi unatakiwa kurudi kuelekea darajani. Mfereji ukiwa umeubana, haurudi wote: upande unaopigwa unabaki umekazwa zaidi, na sauti inakuwa juu. Ukibendi uzi (kuusukuma pembeni kwa kidole ili sauti ipande) au ukivuta mkono juu, mambo yanageuka. Uzi unatolewa upande wa kichwa, unakwama upande wa daraja, na sauti inarudi ikiwa chini.

Basi uzi ambao baada ya kubonyeza mkono unarudi juu, na baada ya kubendi unarudi chini, umebanwa kwenye mfereji au kwenye kile kishikizi kidogo cha nyuzi kilichopo kichwani. Nyuzi zote zikirudi pamoja upande mmoja, bamba lenyewe halirudi mahali pake. Uzi unaoshuka tu, kila mara, hata usipogusa mkono, una shida kwenye mizunguko yake ya ufunguoni au bado ni mpya haujanyooka.

Nilityuni, nikabonyeza mkono hadi nyuzi zikalegea, nikaachia, nikasoma tyuna uzi kwa uzi. Wa tatu na wa sita walikuwa juu. Nikabendi wa tatu tone nzima (hatua ya freti 2): ukarudi chini. Pia kila nilipokaza ufunguo wa uzi huo nilisikia "tik", kisha sauti inaruka. Mifereji ilichongwa kwa seti ya 9, na nyuzi nene zaidi zilikuwa zimeshikwa humo. Nyuzi nne nyingine zilirudi zote zikiwa chini kidogo, kwa hiyo hata bamba halikuwa linarudi vizuri.

Zikabaki funguo. Kipimo chake ni rahisi na ningependa kila anayetaka kununua funguo akifanye kwanza. Nilikata vipande vya mbao nikavikaza mgongoni pande zote za kile chuma kizito, daraja lisiweze kusogea popote. Nikapiga rithimu kwa nguvu, muda mrefu kuliko wimbo wowote wa dansi, bila kubendi. Tyuna haikuonyesha mabadiliko ya kusumbua. Funguo zilikuwa nzima. Kasoro pekee upande huo ni kwamba uzi wa kwanza na wa pili ilikuwa imezungushwa mara nyingi mno, mizunguko ikapandana.

Kiganja

Kuna jambo ambalo halikutajwa kwenye malalamiko, na kwangu ndilo lililoamua mpangilio wa mwisho. Nilimwomba akae apige kama anavyopiga jukwaani. Akaingia moja kwa moja kwenye sebene, na kiganja chake cha kulia kikatua juu ya daraja.

Wapigaji wetu wengi hushika hivyo. Kiganja kinatuliza mkono ili kidole gumba na cha shahada vikimbie. Lakini daraja linaloelea ukilibonyeza kwa nyuma linazama, nyuzi zinakazwa, sauti inapanda. Nilimwambia apige uzi wa tatu mtupu kisha aweke kiganja taratibu. Sindano ya tyuna ikapanda mbele ya macho yake. Akainua kiganja, ikarudi. Akakaa kimya, akarudia mwenyewe mara kadhaa.

Kwenye muziki wa dansi hilo ni kubwa. Solo haipigi noti moja moja tu. Inatembea na nyuzi mbili kwa pamoja, noti zikiwa zimeachana kwa nafasi ya tatu (kama do na mi) au ya sita (kama do na la), na chini yake kuna gitaa la rithimu na pengine mi-solo (gitaa la kati ya solo na rithimu), wote wanasukana kwenye kodi zilezile tatu au nne kwa dakika nyingi. Uzi wa tatu ukipanda hata kidogo, ile nafasi ya tatu inachacha, na kwa kuwa mzunguko unarudi kila baada ya sekunde chache, msikilizaji anaisikia tena na tena. Mpigaji wa roki anayekoroga sauti kwa disto anaweza kuficha kosa hilo. Gitaa safi la dansi halina pa kulificha.

Kubendi kuna madhara yake pia. Uzi wa tatu wa 0.017 unavutwa kwa karibu kilo 7.5. Kuupandisha tone nzima kunaongeza nguvu hiyo kwa zaidi kidogo ya robo, karibu kilo 2. Kwenye daraja linaloelea kilo hizo 2 zinalivuta bamba mbele na nyuzi nyingine 5 zinashuka. Ukibendi uzi mmoja huku mwingine unalia, huo wa pili unazama.

Uamuzi

Daraja hili linaweza kupangwa kwa namna tatu. Linaweza kuelea, mkono ukashuka na kupanda. Ndivyo mpigaji gitaa Mwingereza Jeff Beck alivyolitumia, na alipata humo sauti ambazo mkono wa kushoto peke yake hauwezi kuzitoa. Linaweza kufungwa kabisa kwa kipande cha mbao, kama Mwingereza mwenzake Eric Clapton anavyofanya kwenye Stratocaster zake. Au linaweza kulazwa juu ya bodi, springi zikakazwa kuliko nyuzi, mkono ukashusha tu bila kupandisha.

Mteja wangu alikuwa tayari kulifunga kwa mbao. Nilikataa, kwa sababu kanisani kwenye nyimbo za taratibu anapenda kutikisa kodi ya mwisho kwa mkono, na anafanya hivyo kwa uzuri kabisa. Kuelea nako kungemgombanisha na kiganja chake mwenyewe kila Jumamosi. Kulilaza juu ya bodi kunampa karibu kila anachohitaji: kiganja hakiwezi kulizamisha bamba ambalo tayari limekalia mbao, kubendi hakuliinui, na uzi ukikatika katikati ya wimbo nyuzi nyingine 5 zinabaki mahali pake. Kwa anayepiga hotelini na gitaa moja tu, hilo la mwisho lina thamani kubwa. Anachopoteza ni kuvuta mkono juu, na hakuwahi kufanya hivyo.

Akauliza kama haingekuwa bora kuweka Floyd Rose, lile daraja linalofunga nyuzi kwa vibano kichwani na darajani. Lile ni zuri kwa kazi yake, lakini linahitaji kuchonga bodi, linaelea vilevile kwa kawaida, na kiganja kingelisukuma vilevile.

Kazi yenyewe

Nilianza mgongoni. Kabla ya kugeuza skrubu za kulabu nilitazama waya wa athi (earth), ule mwembamba uliochomelewa kwenye bati la kulabu. Lehemu yake ilikuwa imepasuka. Huo ndio uliokuwa unaleta mvumo kwenye amplifaya ambao yeye aliulaumu umeme wa ukumbi. Waya huu ndio unaounganisha nyuzi na athi, na anayezungusha bati bila kuuangalia anaweza kuung'oa kabisa. Nikauchomelea upya.

Springi zilikuwa na kutu ya pwani lakini hazijalegea. Niliongeza ya nne. Zikiwa 3 ningelazimika kuzikaza mpaka skrubu za kulabu zizame sana kwenye mbao. 5 zingefanya mkono uwe mgumu kwa mtikiso mwepesi anaoutaka.

Kisha mbele, nyuzi zikiwa zimelegezwa. Skrubu 6 za bamba zilikuwa zimekazwa kwa nguvu, labda na mtu aliyedhani zinashikilia daraja lisitikisike. Bamba likibanwa hivyo haliwezi kuinama kwa uhuru, linakwaruza vichwa vya skrubu na kugoma kurudi. Nilisafisha kutu, nikazirekebisha moja moja kwa utaratibu huu: kaza mpaka mkia wa bamba uanze kuinuka, legeza mpaka ulale tena, simama hapo. Zile 4 za katikati niliziacha juu kidogo zaidi, ili zile 2 za pembeni ndizo zibebe kazi. Tone dogo la grisi pale bamba linapogusa.

Mifereji ya kidaraja cha kichwani ilihitaji uangalifu kuliko kitu chochote. Inapanuliwa kwa upana tu. Ukiongeza kina, uzi mtupu utagonga freti ya kwanza na kidaraja kimekufa. Nilitumia tupa nyembamba za kazi hiyo, nikamalizia kwa msasa laini uliokunjwa, mteremko ukielekea kichwani. Asiye na tupa hizo aanze na penseli laini: paka risasi yake ndani ya mfereji kila unapobadilisha nyuzi. Nyuzi zilizobanwa kidogo tu hupona kwa penseli peke yake. Nilipaka pia chini ya kishikizi cha kichwani.

Nyuzi mpya za 10 nilizizungusha mara 2 au 3 tu kwenye kila ufunguo, mizunguko ikishuka kwa mpangilio, nikazivuta kwa mkono na kutyuni tena mpaka zikaacha kushuka.

Halafu ikaja kusawazisha. Nilikaza skrubu za kulabu robo mzunguko kwa zamu, nikityuni kila mara, mpaka bamba likalala. Kulala peke yake hakutoshi. Ili kujua springi zina ziada ya kutosha niliweka kipande cha karatasi chini ya mkia wa bamba, nikabendi uzi wa tatu tone nzima, nikajaribu kuichomoa. Ikatoka. Nikakaza tena robo. Niliendelea hivyo hadi karatasi ikashikwa hata nilipobendi wa pili na wa tatu pamoja, nikaishia hapo hapo, maana kila robo ya ziada inaongeza ugumu wa mkono bila faida.

Daraja liliposhuka, nyuzi ziligusa freti, kama ilivyotarajiwa baada ya vikalio kushushwa vile. Nikavipandisha kufuata mviringo wa shingo, na skrubu zilizokuwa zinamchoma kiganja zikazama zenyewe. Nyuzi nzito zilikuwa zimeipinda shingo kidogo. Robo mzunguko wa nondo ya ndani ya shingo ukairudisha. Mwisho kabisa, urefu wa nyuzi: sauti ya freti ya 12 ilinganishwe na hamoniki (mlio mwembamba wa kugusa uzi bila kuubonyeza) ya palepale, ikiwa juu kikalio kirudi nyuma, ikiwa chini kije mbele. Hatua hii ikifanywa kabla ya bamba kutulia ni kazi bure, na ndiyo maana juhudi zake za awali hazikuzaa kitu.

Tundu la mkono lilikuwa limelika, mkono unacheza kabla ya kushika. Mizunguko michache ya ule utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye meno ya skrubu yake ilitosha.

Alivyolichukua

Alipokuja nilimkabidhi tyuna kabla ya gitaa. Akabonyeza mkono hadi chini, akaachia, akasoma: nyuzi 5 zilirudi palepale, wa tatu ulikuwa juu kwa kiasi ambacho sikio halikipati. Uzi wa tatu usiosukwa (waya mmoja usiozungushiwa mwingine) huyumba kuliko nyingine kwa msogeo uleule, na hakuna mpangilio unaoondoa tabia hiyo yote. Nikamwonyesha namna ya kuumaliza: baada ya kubonyeza mkono, ubendi kidogo mara moja, utarudi mahali pake. Na anapotyuni, amalizie siku zote kwa kukaza. Akipitiliza ashuke chini ya noti kisha apande.

Akaweka kiganja darajani akapiga sebene ile ile. Aliendelea kupiga muda mrefu, akibadilisha funguo za wimbo, akirudi kila mara kwenye zile nafasi za tatu ambazo zilikuwa zinamchacha.

Kabla ya kuondoka aliuliza itakuwaje akipata tena seti ya 9. Bamba halitainuka, kwa sababu springi zitakuwa na ziada kubwa kuliko sasa. Atakachokiona ni mkono kuwa mgumu. Nyuzi nazo zitashuka kidogo zinapopita kwenye shingo, kwa hiyo asikilize kama kuna freti inayopiga kelele na arudishe nondo kidogo. Springi alegeze robo mzunguko kwa kila skrubu ya kulabu, atyuni, apime kwa karatasi, na asimame pale inapoanza kuteleza, kisha akaze robo moja.